Kabla Hujaitoa Revolva ya Zamani Dukani

Katika maduka ya bunduki ya Marekani, biashara ya kutoa silaha ya zamani na kuongeza pesa upate mpya hufanyika kila siku, na huenda haraka. Unaiweka revolva kaunta, muuzaji anafungua silinda, anachungulia mtutu kwenye mwanga, anaigeuza mara mbili, kisha anakuambia: ongeza dola mia mbili uchukue ile bastola ya magazini uliyokuwa ukiitazama. Ndani ya kauli hiyo moja kuna mauzo mawili. Wewe unamuuzia revolva, naye anakuuzia bastola. Bei zote mbili zimefichwa na unachoonyeshwa ni tofauti tu. Hujui revolva yako imehesabiwa dola mia tatu au mia sita. Hujui pia kama bastola mpya imepandishwa kidogo ili ya zamani ionekane imepewa heshima. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba maamuzi haya mawili yatenganishwe, na lile la kuiachia revolva lipimwe peke yake kwanza, kwa sababu kosa la kuiachia na kosa la kubaki nayo hayana uzito mmoja. Ukibaki nayo kimakosa, mwezi ujao utaiuza. Ukiiachia kimakosa, huenda usiione nyingine kama ile, au ukaiona kwa bei ya mtu aliyekwisha kujua kwamba unaitaka sana.

Historia ya karibu inaonyesha jinsi kosa hilo linavyotokea. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 polisi wa Marekani walibeba revolva, hasa za Smith & Wesson na Colt. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maofisa wa FBI walipambana kwa risasi na majambazi wawili wa benki. Maofisa wawili waliuawa na wengine watano wakajeruhiwa, na mjadala uliofuata uliharakisha safari ya kuhamia bastola za magazini. Polisi wa New York walianza kuhama mwaka 1993. Idara zilipobadilisha silaha, revolva za kazi zilimiminika sokoni, na wamiliki binafsi nao wakafuata mkondo, wakitoa chuma cha zamani na kuchukua bastola za plastiki ngumu zenye risasi 15 na zaidi. Wengi hawakukosea kutaka bastola mpya. Walipokosea ni pale walipoilipia kwa kitu ambacho kiwanda kilikuwa kinaelekea kuacha kukitengeneza, ilhali bastola waliyoichukua, au inayofanana nayo kwa kila hali, inauzwa hadi leo katika kila duka. Chukua Smith & Wesson Model 19, ambayo nitaitumia kama mfano mkuu hapa kwa kuwa ndiyo aina ya revolva nzuri ambayo mtu wa kawaida hujikuta nayo. Ilitolewa mwaka 1955 kwa jina la Combat Magnum, kwa msukumo wa Bill Jordan, ofisa wa doria ya mpakani. Ikapewa namba 19 mwaka 1957, na ikatengenezwa hadi 1999. Kampuni iliirudisha mwaka 2018 katika umbo jipya, lakini iliyorudi si ile iliyotoka.

Hapo ndipo wapenzi wa revolva huvuka mpaka na kudai kwamba kila revolva ya zamani ni akiba inayokua thamani. Dai hilo halisimami ukilipima kwa hesabu. Colt Python ilipoingia sokoni mwaka 1955 iliuzwa dola 125. Kwa kupanda kwa gharama za maisha, dola 125 za wakati ule zilikuwa na nguvu ya kununua sawa na takriban dola 1,200 za mwaka 2020. Mwaka huohuo wa 2020 Colt iliirudisha Python, iliyokuwa imeachwa tangu 2005, kwa bei ya dola 1,499. Kwa hiyo mtu aliyeweka Python kabatini kwa miaka 65, kisha akaiuza kwa dola elfu mbili au tatu, alilinda pesa yake na kupata ziada kidogo, hakutajirika. Angeweka zile dola 125 katika hisa za makampuni makubwa, angekuwa mbali zaidi. Na Python ni miongoni mwa zinazotafutwa kuliko zote. Model 10, revolva ya kazi ambayo pamoja na mtangulizi wake wa mwaka 1899 imetengenezwa zaidi ya milioni 6, haina sababu ya kupanda hivyo. Kama sababu yako ya kubaki nayo ni kwamba itakulipia uzee, sababu hiyo haitoshi. Hoja ya kutoiachia kirahisi inasimama mahali pengine, penye kile ambacho pesa utakayopewa haitaweza kukurudishia.

Ili ujue kama unacho kitu hicho, lazima kwanza ujue hasa ulichonacho, na hapa watu wengi husimama kwenye jina tu. Ondoa risasi. Sukuma kitufe cha ubavuni, fungua silinda upande wa kushoto, tazama chemba zote sita kwa jicho na uzipapase kwa kidole, kisha uweke risasi chumba kingine. Silinda ikiwa wazi, tazama kwenye fremu, sehemu ambayo mkono unaobeba silinda huifunika ikifungwa. Kwenye Smith & Wesson za tangu 1957 utaona maandishi madogo yaliyogongwa: MOD 19, au 19-3, au 19-5. Kistari kile na tarakimu inayokifuata hueleza mabadiliko ya kiufundi. 19-3 ilianza mwaka 1967, 19-4 mwaka 1977, na 19-5 mwaka 1982. Mwaka huo wa 1982 ndio mpaka ambao wakusanyaji huujali sana, kwa sababu mbili unazoweza kuziona bila kifaa chochote. Ya kwanza ipo pale mtutu unapoingia kwenye fremu: kabla ya 1982 kuna pini nyembamba iliyopenya fremu kukaza mtutu, na ncha yake inaonekana ubavuni kama nukta ya chuma. Ya pili ipo nyuma ya silinda: kwenye magnum za zamani kila chemba imechongwa ili kitako cha risasi kididimie ndani, kiwe sawasawa na uso wa silinda; baada ya hapo vitako vinakaa nje. Hakuna hata moja kati ya mambo haya linalofanya risasi iende sawa zaidi. Ni alama za kazi ya mikono na mashine iliyochukua muda mrefu, ambayo kiwanda kiliona hailipi tena. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nyundo na kifyatulio vya kuchongwa viliacha nafasi kwa vile vya unga wa chuma uliofinyangwa na kuchomwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaongezwa tundu la kufuli la ndani juu ya kitufe cha silinda. Mnunuzi anayejua huvisoma vitu hivi kwa sekunde chache. Muuzaji wa kaunta naye huvisoma, na wewe usipovisoma, yeye peke yake ndiye anayejua kinachouzwa.

Kujua aina bila kujua hali ni nusu ya kazi. Revolva iliyochoka inaweza kung'aa nje, na iliyosuguliwa na ala miaka 30 inaweza kuwa nzima kabisa ndani, kwa sababu askari aliibeba kila siku na kuipiga mara chache kwa mwaka. Anza na mwendo wa silinda. Ukiwa umehakikisha tena kwamba ni tupu, vuta nyundo kwa dole gumba polepole sana, huku kidole cha mkono mwingine kikiugusa ubavu wa silinda kwa wepesi. Silinda inatakiwa kujifunga mahali pake kabla nyundo haijakamatwa, au papo hapo. Kama nyundo imekamata na silinda bado inahitaji kusukumwa kidogo ili ifunge, mtambo umechakaa. Rudia kwa chemba zote sita, maana mara nyingi ni moja au mbili tu zinazochelewa. Kwenye Colt za zamani jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa muundo wao huibana silinda kwa nguvu wakati wa kufyatua, ubanaji unaowapa sifa ya usahihi na wakati huohuo unaochakaza kipande kinachoisukuma. Fundi wa kuitengeneza Python ya zamani vizuri ni adimu, na bei yake inajua hivyo. Kisha isukume silinda mbele na nyuma ikiwa imefungwa. Mtikisiko ukionekana kwa macho, kuna uchakavu. Pima nafasi kati ya silinda na mtutu kwa fila geji ya fundi magari: milimita 0.10 hadi 0.25 ni kawaida. Mwisho, washa tochi utazame kitako cha mtutu, pale risasi inaporuka kutoka kwenye silinda kuingia mtutuni.

Hapo mahali pa mwisho pastahili kukaa kidogo, kwa sababu ndipo Model 19 hukosa msamaha. Fremu yake ni ya ukubwa wa kati, herufi K, iliyokusudiwa kwanza risasi ya .38 Special. Ili mkono wa silinda upate kufunga, upande wa chini wa kitako cha mtutu ulikatwa bapa, na pale chuma ni chembamba. Askari wa zamani walifanyia mazoezi .38 Special na kubeba .357 Magnum kwa dharura, na revolva zao zilidumu. Idara zilipoanza kufanyia mazoezi magnum kamili, hasa zenye kichwa chepesi cha gramu 8 hivi kinachokwenda kasi, baadhi ya mitutu ikapasuka pale pale kwenye ubapa. Smith & Wesson ilijibu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa fremu nzito zaidi, herufi L. Ufa kama huo ukiuona, hata uwe mwembamba kama unywele, uamuzi umekwisha badilika: mtutu wa akiba wenye pini haupatikani kirahisi, na revolva hiyo isipigwe kabla fundi hajaiona. Usipouona, bado umejifunza jambo la maana kuhusu matumizi. Revolva ya aina hii ni ya kupigwa .38 kwa miaka mingi kwa raha. Mtu anayetaka kupiga magnum mia mbili kila Jumamosi anahitaji silaha nyingine, na hana sababu ya kuitesa hii.

Kutokana na hilo linazaliwa pingamizi zito kuliko yote: kwamba revolva ya zamani imepitwa na wakati, na anayetaka silaha ya kulinda nyumba ni mpumbavu akikumbatia risasi sita huku jirani yake ana 17. Sehemu ya pingamizi hili ni kweli na isikwepwe. Bastola ya kisasa ni nyepesi, hubeba risasi zaidi, huvumilia uchafu na uzembe, na ikiharibika kipuri chake kinafika kwa wiki. Hata ndani ya revolva zenyewe mpya zina nguvu: Colt iliporudisha Python iliongeza chuma juu ya fremu, penye kuhimili mkikimkiki wa magnum, na wapigaji wengi wanafaidika kununua hiyo badala ya kuichosha ya babu yao. Lakini tazama pingamizi hili linathibitisha nini. Linathibitisha kwamba huenda unahitaji bastola mpya. Halithibitishi kwamba ni lazima ulipe kwa revolva. Bastola mpya nzuri ya kazi inauzwa kwa dola mia kadhaa, pesa ambayo mwenye mshahara anaweza kuikusanya kwa miezi michache. Na ndani ya miezi hiyo utakuwa umejua kama hamu ya mpya ni haja au ni mng'aro wa kabati la kioo. Anayesema hawezi kusubiri kwa sababu za usalama anasahau kwamba revolva aliyonayo, ikiwa nzima, inafanya kazi usiku wa leo. Tena kwa mtu mwenye vidole visivyo na nguvu ya kuvuta nyuma sehemu ya juu ya bastola ya magazini, au asiye na muda wa kufanya mazoezi ya kuondoa risasi iliyokwama, revolva ina urahisi wake: isipolipuka risasi moja, unavuta tena na silinda inaleta nyingine.

Kuna pingamizi la upande wa pili ambalo nalo linahitaji jibu, la mtu anayesema haiuzi kamwe kwa kuwa ilikuwa ya baba. Hisia hiyo ni ya kweli na hakuna bei inayoifuta. Ila jiulize swali ambalo wengi hulikwepa: baada yako itakwenda kwa nani? Kama watoto wako wanaitaka na wanaweza kuimiliki kisheria, jibu unalo, na kilichobaki ni kuandika historia yake kwenye karatasi ikae nayo: nani aliinunua, wapi, lini. Kama hakuna anayeitaka, unachofanya ni kuwaachia wafiwa mzigo wa kushughulika na silaha wasiyoijua katika wiki ngumu kuliko zote, na mara nyingi wao ndio huitoa kwa bei ya kutupa kwenye duka la kwanza. Heshima kwa baba inaweza kuwa ni kuiuza wewe mwenyewe, unayejua thamani yake, kwa mtu atakayeitunza. Ukumbusho wa baba huweza kukaa kwenye saa yake, barua zake na picha zake. Silaha ni miongoni mwa vitu vichache katika urithi ambavyo mwenye kuvipokea anaweza kuvunja sheria kwa kuvipokea tu.

Na lipo jambo linalotangulia hesabu zote hizi. Zaidi ya nusu ya vifo vya risasi nchini Marekani ni vya watu waliojiua wenyewe. Nyumba yenye mtu aliyezama katika huzuni, kijana aliyejitenga, mzee aliyepoteza mwenzi, au mlevi anayekosana na nafsi yake, si nyumba ya kujadili pini na mtutu. Itoke kwanza, kwa njia halali: baadhi ya maduka na vituo vya polisi hukubali kuhifadhi silaha kwa muda, na namba 988 hupokea simu za walio hatarini mchana na usiku. Kama ina thamani, thamani hiyo itasubiri huko. Nyumba yenye watoto nayo ina sharti lake: sefu inayofungwa, risasi mahali pengine, na ufunguo usiojulikana. Asiyeweza kuweka sefu asibaki na revolva hata ikiwa ya kwanza kutoka kiwandani. Ndani ya sefu usiiache ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hushika unyevu na kemikali zilizotumika kuitengeneza hula chuma. Ipake mafuta mepesi, ikae kwenye kitambaa au soksi iliyotiwa dawa, na ifunguliwe kukaguliwa kila baada ya miezi michache.

Ukiwa bado hujaamua, usifanye jambo lolote la kuipendezesha. Wengi huipeleka kwa fundi ikapakwe upya weusi wa bluu, wakidhani wataipandisha bei, na hutoka wameishusha vibaya. Ung'arishaji wa pili hulainisha kingo za herufi zilizogongwa, huyafanya matundu ya skrubu yawe kama visahani, na mkusanyaji anaviona kabla hujamaliza kumsalimia. Msuguo wa ala kwenye mdomo wa mtutu ni umri wa haki. Rangi mpya ni swali lisilo na jibu. Revolva ya nikeli ina tahadhari yake, kwa sababu dawa za kusafishia zenye amonia zinaweza kupenya palipokwaruzika na kuibambua nikeli. Tafuta badala yake vilivyokuja nayo: boksi, karatasi, bisibisi ya kiwanda, vishikio vya mbao vya asili. Vishikio vya mpira alivyofunga mmiliki ni vya kutoa kwa skrubu moja. Vile vya mbao vilivyotupwa kwenye droo miaka 40 iliyopita vinaweza kuwa na thamani ya peke yake. Boksi la asili lenye namba inayolingana na ya kwenye silaha hubadilisha mazungumzo ya bei. Colt na taasisi ya historia ya Smith & Wesson hutoa kwa malipo barua inayoeleza silaha yenye namba fulani ilitoka kiwandani lini na kwenda kwa nani. Kwa Model 10 ya kawaida barua hiyo haina haja. Kwa silaha iliyokwenda kwa idara au mtu mashuhuri, ni tofauti ya mamia ya dola au zaidi.

Sheria inaamua nani anaweza kuipokea, na wasomaji wa Kiswahili walio Marekani wana sababu ya kulitazama hili kwa makini kuliko wengine. Chini ya sheria ya shirikisho, mtu wa kawaida hawezi kumuuzia wala kumpa zawadi mtu wa jimbo jingine moja kwa moja. Silaha ipite kwa muuzaji mwenye leseni wa jimbo la mpokeaji, ambaye atamjazisha mpokeaji fomu 4473 na kufanya ukaguzi wa rekodi. Urithi wa wosia unaruhusiwa kuvuka jimbo, kama mrithi anastahili kumiliki. Majimbo kama California, New York, Colorado na Washington yanadai hata mauzo ya majirani yapite dukani. Lakini hatari ya karibu zaidi ni hii: mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaweza kumiliki, ilhali aliyeingia kwa viza ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida hakubaliwi kushika bunduki wala risasi, isipokuwa kwa ruhusa chache kama leseni halali ya uwindaji. Kwa hiyo kumwachia ndugu yako aliyekuja kusoma revolva yako akutunzie, kwa nia njema kabisa, kunaweza kuwatia wote wawili mahakamani. Na wazo la kuituma nyumbani lisiingie kichwani: kuitoa Marekani kunahitaji leseni, na nchini Tanzania au Kenya silaha hufungwa kwenye leseni ya mtu aliyekaguliwa, haipokewi kama zawadi kwenye mzigo.

Umri wa silaha nao una faida ya kisheria ambayo muuzaji wa kaunta hana sababu ya kukukumbusha. Silaha yenye miaka 50, ikiwa katika hali yake ya asili, huingia katika kundi la kumbukumbu, na mkusanyaji mwenye leseni ya kundi hilo anaweza kuinunua kutoka jimbo jingine bila kupitia duka, ilimradi sheria ya jimbo iruhusu. Model 19-3 nyingi zimekwisha vuka umri huo. Silaha ikivuka umri huo wanunuzi wako wanaongezeka, na hapo kusubiri kunakuwa na faida halisi, si ya ndoto.

Baada ya yote haya wapo watakaofika mahali pa kuiachia, na ni sawa. Revolva ya kawaida iliyochakaa, isiyo na boksi, iliyopakwa upya, ambayo huipigi na hakuna anayeisubiri, inaweza kutolewa dukani, na kulipia urahisi wa saa moja kwa kupokea pungufu si upumbavu. Muuzaji naye anapaswa kulipa pango, kukaa na mali na kupata faida. Bei yake itakuwa chini ya ile ya rejareja, na hakuna dhuluma hapo mradi umeijua tofauti. Njia ya kuijua ni fupi. Kabla ya kwenda, tafuta kwenye mnada wa mtandaoni kama GunBroker bei ambazo silaha za aina na hali kama yako zimekwisha uzwa, siyo zile zinazotamaniwa. Bei ya kutamani haimlishi mtu. Ukifika, usitaje mpya. Uliza: ukiinunua hii kwangu kwa pesa taslimu, unatoa ngapi? Subiri jibu na uliandike. Kisha uliza bei ya bastola mpya kama vile huna cha kubadilisha. Sasa una namba mbili wazi, na ukiambiwa mpango wa kuongeza pesa unaweza kuona kama ni bora kuliko namba zako au ni zilezile zimefunikwa.

Namba ya taslimu ikiwa chini sana ya ulichokiona sokoni, zipo njia mbili za kati. Duka linaweza kuiuza kwa niaba yako kwa kamisheni, silaha ikikaa kabatini kwao kwa bei mliyokubaliana, nao wakakata asilimia yao ikiuzwa. Kwa kitu cha thamani kubwa, kama Python ya miaka ya mwanzo au magnum ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, nyumba za mnada kama Rock Island Auction hufikia wanunuzi ambao duka la mtaani halitawaona. Uliza mapema ada ya muuzaji, gharama ya usafiri na siku ya kulipwa. Kusafirisha kuachwe kwa mwenye leseni, usifungashe revolva mwenyewe ukaipeleka posta. Na popote utakapoiachia, ondoka na risiti yenye aina, namba ya silaha, tarehe na jina la duka lililopokea, uihifadhi pamoja na picha za pande zote mbili, maana siku namba hiyo ikija kutafutwa, wa kwanza kuulizwa anaweza kuwa wewe.